Je, Wajua? Bolti ya pikapu hugoma hata bila kutu

Reli za kufungia mizigo kwenye bodi ya pikapu zikigoma kutoka, usilaumu kutu peke yake. Baadhi ya bolti hupakwa kiwandani gundi ya hesi, aina aliyobuni profesa wa kemia Vernon Krieble, Marekani, mwaka 1953. Ajabu yake, penye hewa hubaki majimaji. Ikibanwa kati ya vyuma, huganda. Kwa gundi kali, ipashe bolti hadi nyuzijoto 250 hivi, kisha ifungue ingali moto. Huko Punia, eneo la madini ya kasiteriti jimboni Maniema, mvua nayo huleta kutu, ambayo hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Hapo mwagia mafuta mepesi, uache yapenye usiku kucha. Na kabla ya kuwasha moto, tazama tangi la mafuta ya gari liko wapi!