Visikizi Vimetuziba Masikio Ndani ya Matatu

Zamani mtu aliyeonekana barabarani akisema peke yake, akicheka na kupunga mikono hewani, watu walimhurumia na watoto walimfuata nyuma wakimzomea. Siku hizi panda matatu yoyote asubuhi kutoka Umoja kwenda mjini kwa barabara ya Jogoo, utawakuta watu wa namna hiyo watano au sita, nao wana akili zao timamu. Huyu anamwuliza fundi kwa nini mabati hayajafika. Yule anamgombeza mdogo wake juu ya karo. Simu imo mfukoni. Kilichoko sikioni ni kidude kama punje ya korosho, wala hakina waya.

Visikizi hivi hupokea sauti kutoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio yasiyokwenda mbali, kiasi cha mita 10 hivi. Njia hiyo, iitwayo Bluetooth, ilianza kubuniwa na mafundi wa kampuni ya Ericsson huko Uswidi mwaka wa 1994, na ikapewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kampuni ya Apple ilipotoa visikizi vyake vya AirPods mwaka wa 2016, mtindo ukaenea duniani, na sasa vya bei nafuu vinauzwa hata na wachuuzi wa kando ya njia.

Hata hivyo, kujifungia na muziki wako safarini ni jambo lililoanza kitambo. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, kinanda kidogo cha kanda, mwaka wa 1979. Bwana Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, aliona kwamba mtu kusikiliza peke yake ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kupunguza muziki wapate kuzungumza. Lakini wanunuzi walitaka kila mtu awe na chake, na baadaye tundu la pili likaondolewa.

KELELE JUU YA KELELE

Tusiwalaumu abiria bure. Muziki wa matatu huchaguliwa na dereva na utingo wake, na anayekwenda kazini hana la kusema. Kanuni za kuzuia kelele zilitolewa nchini mwaka wa 2009, lakini anayesafiri kila siku anajua mwenyewe hali ilivyo. Basi abiria hutia visikizi apate nyimbo zake, kisha huongeza sauti ili ishinde ile ya gari.

Hapo ndipo penye hatari. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikifika 90, mwisho ni saa 4 tu kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20. Sasa piga hesabu, msomaji. Anayekaa garini saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku tano, amemaliza saa 10. Na vile vinywele vidogo vilivyomo ndani ya sikio vikishakufa, haviwezi kuota tena.

YALIYONIPATA MIMI

Nami sina budi kukiri. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi karibu na mlango, masikio yote mawili yamezibwa, nikisikiliza rumba. Tulipopita Makadara, mama mmoja aliyekuwa upande wa pili alinitazama, akasogeza midomo. Nikatabasamu. Akasogeza tena, akanyosha kidole. Nikatikisa kichwa kwa heshima, nikidhani ananisalimu. Nilipofika mwisho wa safari, mfuko ulikuwa mtupu: pesa na kitambulisho vimekwenda.

"Nimekwambia mara tatu, mwanangu," akasema yule mama alipokuwa akishuka. "Nilifikiri wewe ni kiziwi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko pesa. Katika matatu tumezoea kupokezana nauli na chenji mkono kwa mkono, kupakatiana watoto, na kuulizana njia. Mgeni aliyetoka mashambani hushushwa pake kwa sababu jirani yake alimsikia. Haya yote yanahitaji sikio.

Sisemi visikizi vitupwe. Siku hizi natia kimoja tu, sikio la upande wa dirisha, na nikivuka barabara navitoa vyote, maana pikipiki haingoji wimbo uishe. Nikiketi, kwanza namsalimu jirani. Wengine hawaitiki, kwa kuwa wamejiziba. Basi utingo akiwadai nauli mara ya tatu, mimi ndiye ninayewagusa bega.