Transfoma Ikiungua, Amplifaya Haijafa



Kamati yetu imeulizwa zaidi ya mara moja juu ya amplifaya zilizotumika, zinazoletwa kutoka ng'ambo na kununuliwa na wenzetu wanaofanya kazi viwandani Masoro na kulala Kabuga. Mtu anatoa akiba ya miezi mitatu, anafikisha mzigo nyumbani, anachomeka. Inasikika ngurumo, halafu harufu ya kuungua, kisha kimya. Muuzaji anaapa kwamba mali ilikuwa nzima. Huenda kweli ilikuwa nzima.

Kisa ni umeme. Hapa Rwanda umeme wa majumbani ni volti 230. Japani ni volti 100, Marekani 120. Kile kiunganishi cha kubadilisha pini za plagi hubadilisha umbo tu. Volti zinapita vilevile. Transfoma iliyotengenezwa kwa volti 100 ikipewa 230, chuma chake hushindwa kubeba nguvu hiyo, nyaya zinavuta umeme kupita kiasi na kuungua. Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza mashine usome kibati cha nyuma. Kikiandikwa 100 au 120 peke yake, usichomeke. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Hizo ni bahati, iweke 230 au 220 kwanza.

Ikiwa haijaungua, njia nyepesi ni kununua transfoma ya nje ya kushusha umeme, yenye uwezo kuzidi wati zilizoandikwa kwenye kibati. Mashine haifunguliwi hata kidogo.

Ikiwa imeungua, msikubali kuambiwa "tupa". Mara nyingi sehemu nyingine zote ni nzima. Fundi akate umeme, amwage chaji iliyobaki katika kapasita kubwa (chaji hiyo inaweza kuua mtu hata plagi ikiwa mkononi), kisha atafute volti zilizokuwa zikitoka kwenye transfoma ya zamani. Kama hakuna mchoro, kapasita zenyewe zinatoa fununu. Zikiandikwa volti 50, huenda zilikuwa zikibeba kama 35. Gawa 35 kwa 1.4, unapata 25. Basi itafutwe transfoma ya kuingiza 230 na kutoa 25 mara mbili, yenye waya wa katikati. Hayo ni makadirio. Fundi mzuri atakagua pia sehemu nyingine kabla ya kununua.

Uzito nao una maana. Amplifaya ya wati 40 kila upande inahitaji transfoma ya kama VA 150. Tawi moja lilichanga fedha za amplifaya ya mikutano, fundi akafunga transfoma ndogo kwa sababu ilienea vizuri kwenye nafasi. Volti zilikuwa sawa. Mkutano wa pili ikaungua, wanachama wakachanga tena. Sisi tunasema gharama hiyo ilikuwa ya fundi, na tawi lilipaswa kudai.

Fyuzi ya upande wa kuingilia nayo ibadilishwe: volti zikipanda kutoka 100 hadi 230, ampea zinashuka chini ya nusu. Atakayefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi anawasha moto nyumbani mwako.

Wenye mashine ya santuri ya Marekani wajue jambo moja zaidi. Umeme wa huko una mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50, na transfoma haibadilishi mizunguko. Mota inayofuata mizunguko itazunguka polepole, na mwimbaji atasikika kama mgonjwa. (Japani kwenyewe mashariki ni 50 na magharibi 60, tangu waliponunua mitambo Ujerumani na Marekani karne ya 19.)

Mwisho wa kazi, mwambie fundi aiwashe kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia, vema. Ikibaki inang'aa, kuna kosa, azime. Kisha ipigwe muziki kwa saa nzima mbele yako, ndipo ulipe.