Tuufunge Mlango wa Mwizi Asiyeonekana



Mwizi wa mshahara siku hizi haji na panga usiku. Huja mchana, kwa ujumbe mfupi wa simu, na hutumia maneno matamu. Makala haya ni kwa kila mwenzetu mwenye simu ya intaneti, awe wa kiwandani Kawempe au wa shamba la miwa Kakira.

Tutazame Kalerwe. Jioni, viwanda vinapotoa watu, wengi hupitia soko lile la Barabara ya Gayaza kununua matoke na mukene. Pembeni wapo mawakala wa pesa za simu chini ya miavuli ya njano na nyekundu, na mafundi wa simu katika vibanda vyao. Mshahara unaingia kwenye simu, karo inatoka kwenye simu, na mzee kijijini anatumiwa chake kwa simu hiyo hiyo. Basi anayeishika simu yako ameushika mfuko wako.

Wako wanaosema: dawa ni kuiacha intaneti kabisa. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya kichama. Kila mwezi unakatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya akiba yako ya NSSF, na mwajiri anatakiwa kuongeza asilimia 10. Fedha hiyo inapaswa kufika kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Utajuaje? Njia mojawapo ni kufungua tovuti ya NSSF na kuangalia hesabu yako mwenyewe. Mfanyakazi anayeogopa kufungua tovuti hufurahiwa na mwajiri wa namna hiyo.

Lakini mlaghai naye anajua kwamba tunaitafuta akiba yetu. Tangu Januari 2022 sheria inamruhusu mwanachama aliyefikisha miaka 45, na aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua mapema hadi asilimia 20 ya fedha zake. Ni nafasi nzuri kwa mtu mwongo kukutumia ujumbe: “Asilimia 20 yako iko tayari, bonyeza hapa.” Ukibonyeza, unakuta ukurasa wenye rangi na nembo kama za kweli, unaokuomba namba ya siri. Ukiiandika, umekabidhi ufunguo.

KIVINJARI NI NINI?

Kivinjari ni programu inayokufungulia tovuti. Kifananishe na askari wa langoni kiwandani. Askari mzuri anawajua wezi wengi kwa sura, na hukuonya wanapokaribia. Askari anayesinzia huwapitisha wote.

Chrome huja ndani ya simu nyingi za Android. Firefox hutolewa na Mozilla, ambayo mwenye mali wake ni shirika lisilotafuta faida. Vyote viwili huonya juu ya tovuti nyingi zinazojulikana kuwa za wizi. Chochote kati ya hivyo kinafaa.

Opera Mini inapendwa kwetu kwa kuwa hubana matumizi ya bando, na bando ni ghali kwa mtu wa kima cha chini. Lakini jueni inavyofanya kazi: inapobana sana, ukurasa hupitia kwanza kwenye mashine za kampuni ya Opera, ndipo uje kwako. Kusomea habari na matokeo ya mpira haina neno. Kwa mambo ya benki na NSSF, tumia kivinjari kingine.

Usichukue kivinjari kwa sababu tu rafiki amekurushia. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, walionyesha kwamba UC Browser, iliyokuwa na watumiaji mamilioni, ilikuwa ikivujisha habari za wenye simu. Kupendwa na wengi si ushahidi wa usalama.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

1. Pata programu kutoka duka la simu yenyewe, yaani Play Store. Fundi akikuwekea programu kutoka simu yake, hujui ameweka na nini kingine.

2. Kivinjari kikiomba kufanywa upya, kubali. Mara nyingi upya huo huziba matundu ambayo wezi wameshayajua. Simu kuukuu hufika siku isipokee tena: mwaka 2025 Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 8 na 9. Mwenye simu ya namna hiyo afanye mambo ya fedha kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel, bila kupitia tovuti.

3. Soma anwani. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju ndiyo humtaja mwenye nyumba. NSSF ni nssfug.org. Ukiona kitu kama nssfug.org.lipwa-leo.com, mwenye nyumba hapo ni lipwa-leo.com, na jina la NSSF limetundikwa mlangoni kukudanganya. Kwa ofisi za serikali zinazoishia go.ug, tazama pia neno lililotangulia, kama ura.go.ug.

4. Usidanganywe na alama ya kufuli. Kufuli lilimaanisha tu kwamba hakuna anayesikiliza njiani. Halikusema kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo mwaka 2023.

5. Jihadhari na VPN za bure. Januari 2021 serikali ilipofunga Facebook siku chache kabla ya uchaguzi, watu wengi walizikimbilia. Lakini anayekupitisha njia ya uchochoroni huona unakokwenda. Ajiulize mtu: huyu anayenibeba bure, analipwa na nani?

6. Namba ya siri haiandikwi kwenye kiungo ulichotumiwa, wala haitajwi kwa mtu anayekupigia. Ukiwa na shaka, andika anwani kwa mkono wako, au nenda ofisini.

Hata hivyo, hakuna kivinjari kinachozuia tamaa. Tovuti iliyojiita BLQ Football iliahidi faida ya haraka kwa mchezo wa mpira. Mwishoni mwa 2022 ilifungwa, na Waganda wengi waliokuwa wametia fedha zao wakabaki mikono mitupu. Tamaa mbele, mauti nyuma.

KAZI YA CHAMA

Ndugu, usalama kazini si buti na glavu tu. Mwajiri akitutaka tutazame hati za mshahara kwenye tovuti, tumdai atufundishe, katika saa za kazi na kwa lugha tunayoielewa. Kila tawi lichague vijana wawili wenye ujuzi, wawasaidie wenzao kuweka kivinjari na kusoma anwani. Na aliyetapeliwa asijifiche kwa aibu: apige mara moja kwa kampuni yake ya simu, aende polisi, kisha awaambie wenzake. Akinyamaza, kesho ujumbe ule ule utamkuta jirani yake kwenye mashine.

Umoja ni nguvu.