Maji Yaliyojificha Ndani ya Breki

Krismasi moja tulikuwa tunashuka kutoka geti la Marangu, watu saba garini, kaka yangu akiendesha. Alishuka na gia kubwa, mguu haubanduki kwenye breki. Tulipokaribia Himo pedeli ikazama hadi sakafuni, haina kitu. Akaipampu haraka haraka, mara tano, mara sita, gari likashika kidogo kidogo hadi likasimama pembeni. Fundi alikuja na bodaboda baada ya zaidi ya nusu saa. Akakanyaga: breki ngumu, nzuri kabisa. Akachungulia kila gurudumu, hakuna palipovuja. Shangazi akasema ni Mungu tu katuokoa. Nami nasema amina, lakini kilichotokea kwenye yale mabomba kinaelezeka, na yeyote anayeishi na mteremko huu anapaswa kukijua.

Kutoka getini hadi Himo gari linashuka karibu mita 1,000. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na abiria, likishuka kimo hicho, linaachia nishati ya kama megajuli 20. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya bomba. Upepo unaopinga gari huchukua sehemu, na injini ingechukua sehemu kubwa kama kaka angetumia gia ndogo. Asipoitumia, karibu mzigo wote unaangukia disiki na pedi, na joto linapenya kwenye kalipa hadi kwenye mafuta ya breki.

Mafuta hayo yana kazi moja: kukataa kubanwa. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba ukigandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unafika kila upande bila kupungua. Ndiyo maana pistoni ya masta silinda yenye kipenyo cha sentimita 2.2 inaweza kusukuma pistoni ya kalipa ya sentimita 5.4 kwa nguvu mara sita. Gesi haina tabia hiyo. Ukiibana inanywea, na mguu unaishia kubana gesi badala ya kubana pedi.

Sasa, gesi inatoka wapi kwenye bomba lililofungwa? Inatokana na maji. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, yana asili ya kunyonya unyevu. Unaingia polepole kupitia mipira ya breki na tundu la hewa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo, na ukungu wa Marangu hauchagui gari. Kiwango kinataka DOT 3 mpya ichemke kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 hivi, kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Maji yakigeuka mvuke yanajaza nafasi mara 1,600 hivi, kwa hiyo tone moja linatosha kuiangusha pedeli. Kalipa ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na ushahidi unapotea. Fundi wetu hakukosea, alichelewa tu.

Hadithi haikuishia hapo. Raba za masta husugua sehemu ile ile ya silinda mwaka hadi mwaka. Mbele yake, zisikofika, kutu na uchafu hujikusanya. Kaka alipokanyaga hadi sakafuni, alizisukuma raba zilizochoka hadi huko. Wiki tatu baadaye, gari limesimama nyumbani na injini inanguruma, tulikanyaga pedeli na kuishikilia: ikazama yenyewe taratibu, kama mguu kwenye tope. Kikopo hakikupungua, chini hapakuwa na tone. Mafuta yalikuwa yanapenya kando ya raba na kurudi yalikotoka.

Kubadilisha masta tulifanya wenyewe, chini ya migomba. Tulinyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano. Yalikuwa na rangi ya kahawa, wakati mapya hufanana na mafuta ya kula. Tukafungua nati za mabomba kwa spana maalumu ya mabomba, maana ya kawaida hula kona zake, kisha nati mbili zinazoishikiza masta kwenye busta. Masta mpya tuliibana kwenye jiliwa kwanza, tukaijaza mafuta na kuisukuma polepole, mipira miwili mifupi ikirudisha mafuta kikoponi, hadi mapovu yakaisha. Wengi huruka hatua hii, kisha wanahangaika siku nzima na upepo uliojificha ndani ya masta yenyewe.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Tulianza na gurudumu lililo mbali na masta, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye kauli, na baadhi ya magari yenye ABS huhitaji kompyuta. Mimi nilikuwa chini na spana na mpira uliozamishwa kwenye chupa, kaka juu. “Kanyaga. Shikilia.” Nafungua, mapovu yanatoka, nafunga. “Achia.” Akiachia kabla sijafunga, upepo unarudi ndani. Kikopo nacho kisikauke hata mara moja. Na kibolti cha kutolea upepo lazima kiwe juu ya kalipa, kwa kuwa mapovu hupanda. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana, utatoa upepo hadi jioni bila kuumaliza.

Kitu kimoja tulikataa kabisa: kuyarudisha yale mafuta ya kahawa, ingawa yalijaa nusu chupa na duka lilikuwa mbali. Masta mpya yenye maji ya zamani ingetushusha Himo vile vile.

Jioni kaka alikanyaga na kushikilia dakika nzima. Pedeli haikusogea. Tukapanda hadi karibu na geti, tukageuza, akaweka gia ya pili, na injini ikanguruma mteremko wote.