Asomaye Polepole Naye Hufika

Mtoto anayechelewa kusoma hujulikana mapema darasani, iwe Butembo au Beni. Anasimama na kitabu, kidole kwenye mstari, akitafuta silabi moja baada ya nyingine, na kabla hajamaliza neno la tatu mwenzake ameshalitamka kwa niaba yake. Ataitwa mzito, halafu mvivu, halafu mjinga, na mwisho ataliamini jina hilo mwenyewe. Hukumu hiyo si ya haki, na hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Kasi ya kusoma haipimi akili ya mtu, wala haionyeshi ataelewa nini au ataamini nini akishafika mwisho wa ukurasa. Asomaye polepole, akipewa muda, lugha anayoijua na maandishi anayoweza kuyarudia, anaweza kuwa mwandishi na muumini aliyekomaa. Ushahidi upo katika elimu ya sasa kuhusu ubongo, na upo pia katika historia ya makanisa ya Kivu ya Kaskazini na majirani zake.

Tuanze na sababu, kwa kuwa wengi huruka hatua hii na kukimbilia lawama. Watoto wengi wa Butembo wanazungumza Kinande nyumbani, wanakutana na Kiswahili sokoni na kanisani, kisha shuleni wanatakiwa kuhamia Kifaransa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka lugha za taifa au za wenyeji zitumike kufundishia katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Hata hivyo wazazi wengi, na hata walimu, bado wanampima mtoto kwa Kifaransa chake. Kifaransa huandika sauti moja kwa njia nyingi: sauti ya «o» inaweza kuwa herufi moja, «au», au «eau» yenye herufi tatu. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Ufini walisoma karibu kila neno walilopewa, wa Kifaransa walikuwa nyuma yao, na wa Kiingereza walikuwa nyuma zaidi. Tahajia ya lugha yenyewe, basi, inaweza kumchelewesha mtoto asiye na kasoro yoyote.

Kiswahili kina unafuu wa herufi zinazosomeka kama zinavyoandikwa, lakini nacho kina mlima wake. Neno «hawatakusamehe» linabeba habari ya sentensi nzima: kukanusha, watendaji, wakati ujao, anayetendewa na tendo lenyewe. Mwanafunzi anayelisoma kwa vipande, ha-wa-ta-ku-sa-me-he, anafanya kazi halali kabisa ya kufungua neno na kulijenga upya. Wapo pia ambao tatizo lao ni macho, na dawa yake ni miwani. Wapo wenye disleksia, hali ya ubongo kupata taabu kuunganisha herufi na sauti, ambayo haina uhusiano na upungufu wa akili. Na katika nchi hii wapo waliokatiwa masomo. Mauaji yaliyoanza kuandama eneo la Beni mnamo Oktoba 2014 yaliwafukuza watu vijijini, na shule zikafungwa au zikageuka makazi ya wakimbizi. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo, huku Beni, Butembo na Katwa zikiwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Mtoto aliyehama mara tatu katika miaka minne hawezi kusoma sawa na aliyekaa dawati moja.

Je, akichelewa sana, mlango umefungwa? Mwaka 2010 mtafiti wa Ufaransa Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu wazima 63 wa Brazili na Ureno. Baadhi hawakujua kusoma, baadhi walijifunza utotoni, na wengine walijifunza wakiwa watu wazima. Waliojifunza ukubwani walionyesha sehemu kubwa ya mabadiliko yale yale yaliyoonekana kwa waliosoma tangu utotoni. Ni kweli kwamba aliyeanza akiwa mtu mzima mara nyingi hubaki mwenye kasi ndogo. Lakini ubongo wake umejifunza kweli, na mama anayeingia kisomo cha watu wazima parokiani baada ya kulea watoto sita hapotezi muda wake.

Historia ya imani katika eneo hili inakubaliana na uchunguzi huo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekuwa askari, alibatizwa mwaka 1895 akiwa mtu mzima, na mwaka uliofuata akafika Boga, kaskazini mwa Beni, sehemu ambayo leo ni mkoa wa Ituri. Katika kanisa lililomtuma, Wakristo waliitwa wasomaji, na aliyetaka ubatizo alitarajiwa kwanza ajifunze kusoma. Kwa hiyo kazi ya Apolo kama mwinjilisti ilikuwa pia kazi ya ualimu wa herufi, na kati ya wanafunzi wake walikuwamo watu wazima waliokuwa wakiziona kwa mara ya kwanza. Hakuna kanisa ambalo lingesimama pale kama ubatizo ungetolewa kwa wenye kasi tu. Apolo alifariki Boga, kati ya watu hao, mwaka 1933, na kanisa la Anglikana la Kongo linamtambua kuwa mwanzilishi wake.

Upande wa Wakatoliki, mapadri Waasumpsionisti kutoka Ubelgiji walifika eneo la Beni mwaka 1929. Shirika lao linaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Augustino, maandishi mafupi ya karne za mwanzo za Ukristo, na Kanuni hiyo yenyewe inaagiza isomwe mara moja kila wiki mbele ya wote. Andiko fupi linalorudiwa mwaka baada ya mwaka linamfaa msomaji wa polepole kuliko rafu nzima ya vitabu vinavyosomwa mara moja. Zaburi husaliwa hivyo hivyo, na rozari pia. Mwaka ule ule wa 1929 Papa Pius XI alimtangaza Yohane Maria Vianney kuwa msimamizi wa maparoko wote. Vianney, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1786, alichelewa shule kwa sababu ya mapinduzi, akashindwa Kilatini hata seminari ikamwondoa, na akapewa upadri mwaka 1815 baada ya mwalimu wake kumtetea. Alipopewa parokia ndogo ya Ars aliandika mahubiri yake neno kwa neno, kwa saa nyingi, kisha akayakariri. Kuandika kulikuwa njia yake ya kushinda udhaifu wa kumbukumbu. Wanafunzi wengi wa seminari za Kivu wanalijua jina lake. Ni vizuri wajue pia kwamba alifeli.

Kuna pingamizi linalostahili jibu la wazi. Mtu atasema kwamba sifa hizi zinapamba tatizo, kwa sababu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi una saa zake, Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ina saa zake, na ajira haimngoji mtu. Pingamizi hilo ni la kweli. Kusoma polepole kunamgharimu mwanafunzi, na anayeweza kusaidiwa aongeze kasi asaidiwe: apimwe macho, afundishwe sauti za herufi kwa utaratibu, apewe vitabu vya kiwango chake. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye umati mbele yake hawezi kumkalia kila mmoja. Lakini kutambua gharama hakutupi ruhusa ya kumtupa mtoto. Mtihani unapima alichofanya siku moja, nasi tunazungumzia safari ya maisha yote. Aliyeshindwa akiwa na miaka 12 bado ana miaka 50 ya kusoma mbele yake, ikiwa hatukumfundisha kukichukia kitabu.

Pingamizi la pili linatoka kanisani. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani huanzia katika kusikia. Kwa nini basi tuwasumbue wasiosoma, wakati kwaya na katekista wanatosha? Kusikia kunatosha kuanza, na kunaweza kumfikisha mtu hata kwenye ujasiri mkubwa. Ujumbe wa Noeli wa mwaka 1999 wa Askofu Mkuu wa Bukavu, Emmanuel Kataliko, aliyewahi kuliongoza jimbo la Butembo-Beni kwa miaka 31, ulikuwa maandishi ambayo wengi waliyapokea kwa masikio. Uliwaudhi waasi waliotawala Bukavu wakati huo kiasi kwamba mwezi wa Februari 2000 walimzuia kurudi Bukavu na kumbakiza Butembo kwa miezi kadhaa. Lakini tazama nguvu yake ilitoka wapi: mtu aliandika. Aliyesikia na akaweza baadaye kulirudia andiko mwenyewe, hata kwa mwendo wa silabi, anaweza kulipima na kulihoji. Anaweza pia kumkatalia mhubiri anayelipotosha. Wakati wa Ebola, uvumi ulipoenea Butembo haraka kuliko ukweli, uwezo huo wa kurudia na kupima ulikuwa jambo la uhai.

Hapo ndipo uandishi unapoingia. Padri Vincent Machozi, Muasumpsionisti aliyezaliwa mwaka 1965, alitumia tovuti kutangaza habari za mauaji ya Beni na Lubero, na akauawa karibu na Butembo usiku wa Machi 20, 2016. Alikuwa msomi, na hakuwa mzito wa kusoma. Lakini habari alizozitafuta zilikuwa za wakulima, wachuuzi na waliohamishwa, watu ambao wengi wao shule iliwaacha njiani. Eneo lenye misiba mingi kiasi hiki haliwezi kuwaachia wasomi wachache kazi yote ya kushuhudia. Na anayesoma polepole huja kwenye kazi hiyo na mazoea yenye faida: amezoea kulitamka neno ili alielewe, kwa hiyo husikia sentensi inapopinda, amezoea kurudi nyuma, kwa hiyo haoni aibu kuandika upya. Mazoea hayo hayamfanyi mwandishi peke yake. Anahitaji kusoma sana kwa kiwango chake, na anahitaji mtu wa kusoma alichoandika bila kumcheka.

Mambo yanayotakiwa yako ndani ya uwezo wa Butembo na Beni, hata kabla amani haijakamilika. Shule zifuate sheria ya 2014 na kumfundisha mtoto herufi katika lugha anayoielewa, Kifaransa kikifuata kama lugha ya kujifunza. Walimu waache kumsomesha mtoto kwa sauti mbele ya darasa bila maandalizi. Wampe ukurasa jana yake. Parokia na makanisa ya Kiprotestanti, ambayo tayari yana majengo na makatekista, yafungue kisomo cha watu wazima kinachoishia kwenye kuandika: barua kwa mwana aliye mbali, historia ya familia, ushuhuda wa siku ya kukimbia kijiji. Vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, vikusanye maandishi hayo na kuyachapa. Na mzazi ambaye mwanawe bado anatafuta silabi kwa kidole aketi karibu naye jioni, amsikilize hadi mwisho wa mstari, na asilimalizie neno.