Aliyecheza vizuri, atafundisha vizuri? Habari ya Patrick Ewing



Juma lililopita, nyuma ya ekipe yetu kushindwa tena, watu walibishana sana pale kiwanjani, mpaka saa ya kengele ya jioni ikapita. Na mwenye kuipiga ni mimi, nilikuwa katikati ya wale wenye kubishana. Wengi walisema: tafuteni mchezaji mkubwa wa zamani hapa mjini, mumpe ekipe, tutashinda. Eti mtu aliyejua kucheza hawezi kukosa kujua kufundisha. Wengine wakajibu kwamba kucheza ni kazi moja, kufundisha ni kazi nyingine. Mimi niko upande wa hao wa pili, lakini sitaki kushinda kwa makelele. Nitaeleza habari ya mtu mmoja, Patrick Ewing, juu habari yake inasaidia pande zote mbili, tena inazisumbua zote mbili.

Ewing alizaliwa Kingston, kule Jamaica, mwaka wa 1962. Alifika Marekani akiwa kijana wa miaka 12 hivi, na ni huko alianza basketi. Alikua mpaka metre 2 na sentimetre 13. Tangu 1981 mpaka 1985 alichezea universite ya Georgetown, mjini Washington. Katika ile miaka minne ekipe yake ilifika fainali ya universite za Marekani mara tatu, na 1984 ikachukua kombe. Kisha akaenda New York, ndani ya ekipe ya Knicks, akakaa miaka 15. Mwaka mmoja Seattle, mwaka mmoja Orlando, akaacha kucheza 2002. Pointi zake zote ndani ya NBA ni 24 815. Medali ya zahabu ya Olimpiki anazo mbili, ya 1984 na ya 1992. Kitu kimoja tu kilimkimbia: kombe la NBA.

Sisi watu wa Kongo tuna sababu ya kumjua. Dikembe Mutombo wetu, aliyefariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, alipita njia ileile: Georgetown, chini ya antrenere yuleyule, John Thompson. (Georgetown ni ya Wajesuiti, kama vile Boboto ya Kinshasa ambapo Mutombo alisoma. Ninajua gazeti letu ni la Waprotestanti, lakini ukweli ni ukweli.)

Sasa Ewing akataka kuwa antrenere. Hapa wengi watafikiri kwamba mtu mkubwa kama yule alipewa ekipe siku ileile. Haikuwa vile. Alianza chini, kama msaidizi: Washington 2002, Houston 2003 mpaka 2006, Orlando 2007 mpaka 2012, Charlotte 2013 mpaka 2017. Hesabu yenyewe ni karibu miaka 13 ya kukaa kando ya mkubwa.

Inafaa kueleza kazi ya msaidizi, sababu wengi hawaioni. Antrenere mkubwa ndiye anaamua nani acheze, nani atoke, mchezo usimamishwe saa gani, na dakika mbili za mwisho tufanye nini. Ekipe ikishindwa, yeye ndiye anafukuzwa. Msaidizi anatazama filmu za ekipe nyingine usiku, na nyuma ya mazoezi anabaki na mchezaji mmoja: weka mguu hapa, geuka sasa, inua mkono bila kumgonga mwenzako. Ewing alipewa warefu. Kule Houston alikuwa na Yao Ming, Mchina wa metre 2 na sentimetre 29, na tangu 2004 Mutombo mwenyewe alikuwa mchezaji wa Houston. Kule Orlando alikuwa na Dwight Howard, na ile ekipe ilifika fainali ya NBA 2009.

Mtazame pia ni nani waliokuwa wakubwa wake. Houston ni Jeff Van Gundy, Orlando ni ndugu yake Stan Van Gundy, Charlotte ni Steve Clifford. Hao watatu, hapana hata mmoja aliyecheza NBA! Jeff ni mtu mfupi, aliwahi kuwa antrenere wa Ewing kule Knicks, na sasa yule mchezaji mkubwa alikaa tena chini yake akijifunza. Mimi ninamheshimu Ewing kwa hiyo kupita pointi zake 24 815.

Lakini kazi ya ukubwa haikuja. Mara kadhaa aliitwa kuzungumza na wenye ekipe, kisha kazi ikapewa mwingine. Alisimamia mechi mwezi wa kumi na moja 2013, sababu Clifford aliugua moyo. Mechi yenyewe ilikuwa na Knicks, wale wale wa zamani, na Charlotte ikashindwa. Neno lililomfunga ni kwamba watu walimhesabu kuwa mwalimu wa warefu tu. Mimi naona hapo alionewa. Mtu aliyesimama miaka 17 chini ya kikapu cha NBA aliona kiwanja kizima. Lakini jina likishakushika, ni vigumu kulitoa.

Mwaka wa 2017 Georgetown ikamwita. Hapo nifungue mabano juu ya John Thompson, maana yeye ni jibu kubwa kwa wale wa kiwanjani. Thompson alicheza Boston miaka miwili tu, 1964 mpaka 1966. Pahali pake palikuwa pa Bill Russell, kwa hiyo muda mwingi alikaa kitini akitazama. Kisha akafundisha vijana wa masomo ya sekondari Washington, na 1972 akapewa Georgetown, akabaki mpaka 1999. Kombe la 1984 lilimfanya kuwa antrenere mweusi wa kwanza kushinda shampionati kubwa ya universite. Na Russell? Russell alipata makombe 11 ya NBA kama mchezaji, na mawili ya mwisho, 1968 na 1969, alikuwa mchezaji na antrenere pamoja. Basi wale wa upande wa kwanza watafurahi: mchezaji mkubwa aliweza! Ngoja kwanza. Miaka ya nyuma, alipokuwa antrenere tu, bila yeye mwenyewe kuwa kiwanjani, haikuenda vile. Kule Sacramento, msimu wa 1987-1988, ekipe ilishinda mechi 17 ikashindwa 41, wakamtoa kabla ya msimu kuisha.

Turudi kwa Ewing. Kazi ya antrenere wa universite ilikuwa na kitu kimoja ambacho NBA haina. Alipoanza Ewing, wachezaji walikuwa hawanunuliwi. Unaenda nyumbani kwa kijana wa miaka 17, unaketi na mama yake, unawasadikisha kwamba mtoto atapata masomo na basketi pamoja. Kisha akifika, unapashwa kumchunga asiondoke. Ewing wengine waliondoka. Wanne walitoka katikati ya msimu, mwezi wa kumi na mbili 2019. Mac McClung, aliyeongoza ile ekipe kwa pointi, akahama 2020. Na tangu 2021 sheria ilimruhusu mwanafunzi kuhama mara moja na kucheza papo hapo, bila kukaa mwaka mzima pasipo mechi kama zamani. Ilikuwa sawa na kujenga nyumba matofali yakitembea usiku.

Mwezi wa tatu 2021 kulikuwa ajabu. Thompson alikuwa amekufa mwezi wa nane 2020. Georgetown ilikuwa ya 8 katika kundi lake, ligi inayoitwa Big East. Mashindano ya kufunga msimu yalifanyika Madison Square Garden, New York, ile nyumba ambamo Ewing alicheza miaka 15, na namba yake 33 imetundikwa juu darini. Walishinda mechi nne katika siku nne. Villanova waliwashinda kwa pointi moja, 72 kwa 71, na fainali wakawapiga Creighton 73 kwa 48. Katika siku zile Ewing alinungunika kwamba walinzi wa ile nyumba walimsimamisha na kumuuliza karatasi ya ruhusa. Wewe fikiri, jina lako liko juu ya kichwa cha mlinzi, na yeye anakuuliza wewe ni nani!

Msimu uliofuata walicheza mechi 19 za ligi yao, na hawakushinda hata moja. Ule mwingine ukaanza vilevile, mpaka wakafika mechi 29 mfululizo za ligi bila kushinda, na ile kamba ilikatika mwezi wa kwanza 2023 tu. Mwezi wa tatu wakamwachisha kazi. Katika miaka 6 alishinda mara 75, akashindwa mara 109.

Sababu ni nini? Wengine wanataja kuhama kwa wachezaji, na kweli, lakini universite zote zilipata ile shida. Mimi ninadhani kuna neno lingine. Mwili wa mchezaji mkubwa unajibu mbele ya kinywa kuulizwa. Mwaka huu niliwasaidia wadogo wa kalasi ya saba katika hesabu. Ile ekwasio niliiona yote kwa mara moja, nikaandika jibu, wakanitazama tu. Mwanafunzi mmoja wa kalasi yangu ambaye aliteswa na hesabu miaka mitatu akaja, akawaeleza hatua kwa hatua, wakaelewa. Yeye alikuwa anajua pahali panapoumiza. Ewing alijua kuonyesha mrefu mmoja mguu wake pa kuweka, na hiyo aliifanya miaka 13 vizuri. Vijana 13 pamoja, wengine wafupi, wengine wenye kufikiri kuhama, ni kazi ya namna nyingine, na ile hakupata pahali pa kuijaribu mbele ya kufika umri wa miaka 54.

Kwa hiyo, wandugu wa kiwanjani, mkimpata ule mchezaji wa zamani, muulizeni kwanza kama amekwisha kufundisha watoto wadogo, wale wasiojua hata kushika mpira, na kama walibaki naye. Hiyo ndiyo nitamwambia Bwana Prefe pia, siku ya mkutano.

Na Ewing, mwezi wa kumi 2024 Knicks walimrudisha nyumbani kuwa balozi wa ekipe. Sasa walinzi wa mlangoni watamjua.