"A University" Haijavunja Kanuni Yoyote

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili: kwa nini kitabu chake cha Kiingereza kimekosea kuandika "a university" badala ya "an university"? Kitabu hakijakosea. Iliyokosea ni kanuni aliyokaririshwa tangu shule ya msingi, kwamba "an" hukaa mbele ya neno linaloanza na a, e, i, o au u.

Walimu wenzangu, kanuni hiyo ifutwe ubaoni. Kinachoamua ni sauti, wala si herufi. "University" huandikwa kwa u lakini hutamkwa kwa kuanzia sauti ya y, ile ya yai. Kwa hiyo huchukua "a", pamoja na "European", "useful" na "uniform". "One" huanzia sauti ya w: "a one-day seminar". "Hour", "honest" na "heir" yana h isiyotamkwa, basi ulimi huanza na irabu, nayo huchukua "an". Wanaong'ang'ania herufi hulazimika kuyaita yote haya maneno ya pekee, kisha wanampa mtoto orodha ya kukariri. Mzigo wa bure! Ukifuata sauti, hakuna hata moja lililovunja kanuni.

Mswahili alipaswa kulielewa hili upesi. Tunasema mtu na mpishi, lakini mwalimu na mwizi. W imeingia kwa sababu m imekutana na irabu, na hakuna aliyetufundisha. Ila Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, nasi tumezoea kuiamini herufi hata kwenye Kiingereza, ambacho tahajia yake iliachana na matamshi karne nyingi zilizopita. Waingereza wenyewe walifuata masikio hadi wakalibadili neno: "apron" zamani lilikuwa "napron", watu wakasikia "a napron" kama "an apron", na n ikahama moja kwa moja.

Sasa ya kufanya. Tamka neno kabla ya kuliandika. Usipojua linavyotamkwa, fungua kamusi usome alama za matamshi. Vifupisho navyo vifuate vinavyosomwa: "an NGO", "an MP", lakini "a UN report". Tazama neno linalofuata papo hapo, hata kama si nomino: "an hour" ila "a full hour", "a university" ila "an old university". Na "advice" na "information" usiyape "a" wala "an" yakisimama peke yake, hayahesabiki.